Taka za Mgeni Rasmi

Ipo nchi moja, si hii yetu na wala haipakani na yetu, ambayo jina lake siwezi kulitaja kwa sababu Tume ya Kuchagua Jina la Nchi bado inaendelea na vikao. Ni nchi nzuri. Ina Wizara ya Usafi, Mandhari na Hamasa yenye jengo la ghorofa kumi na moja, na kila ghorofa ina bango linalosema uchafu ni adui wa taifa. Lifti ya jengo hilo ilikufa zamani, kwa hiyo waliosoma mabango yote kumi na moja ni wachache, nao ni watu wenye mapafu mazuri.

Mbali na ghorofa hizo kuna mtaa unaitwa Tulizana. Hapo aliishi fundi cherehani mmoja, Bi. Sikudhani Mkwizu, mjane wa miaka hamsini na mbili, mwenye sauti ya upole na mikono mizito. Hakuwahi kugombana na serikali, maana serikali haikuwahi kufika kwake.

Kilichomfikia ni maji. Mfereji mkubwa wa mtaa ulipita nyuma ya nyumba yake, ukapenya chini ya barabara kwenye kalavati jembamba, bomba la zege ambalo mtu mnene asingeweza kupitisha mabega, kisha ukateremka bondeni. Kwa miaka mingi watu waliutupia kila walichochoka nacho: magodoro, ndoo zilizotoboka, maganda, viti vya miguu miwili. Masika ya mwaka ule maji yalikosa njia yakaingia majumbani. Bi. Sikudhani alipoteza cherehani na magauni ya wateja. Jirani yake, Mzee Shebe, alipoteza maisha akijaribu kuwatoa kuku bandani.

Serikali ilisikitika sana. Ilibandika taarifa ya kurasa mbili kwenye ofisi ya mtaa, ikieleza kwamba marehemu alichukuliwa na maji "kwa sababu zake binafsi", na ikawasihi wananchi wengine wasimuige.

Bi. Sikudhani aliisoma taarifa hiyo akiwa amesimama, akairudia tena tangu mwanzo. Jumamosi iliyofuata akavaa mabuti ya marehemu mumewe, akachukua beleshi, akashuka mferejini peke yake.

Aliyemwona wa kwanza ni Asumpta, muuza mihogo ya kukaanga.

"Dada Siku, unafanya nini huko chini?"

"Nazoa."

"Nani kakutuma?"

"Mzee Shebe."

Asumpta alisimama pale na kijiko chake cha mafuta mkononi. Nyumba yake ndiyo ilikuwa ya chini kuliko zote, karibu kabisa na kalavati, na ndani yake alilala mama yake mzazi, Bibi Paskalina, ambaye miguu ilimgomea mwaka wa pili sasa. Asumpta akaepua kikaango, akachukua karai, akashuka.

Baada ya mwezi walikuwa saba. Baada ya miezi mitatu walikuwa kumi na wanne, na kila Jumamosi asubuhi ungewakuta mle wamezama mpaka magotini, wanataniana, wananuka, wanaimba nyimbo za harusi kwa sababu ndizo walizozijua wote. Walichimba mpaka wakaikuta sakafu ya mfereji, ambayo vijana wa mtaa hawakuwahi kujua kwamba ipo. Wakaotesha nyasi kingoni zishike udongo. Siku maji yalipopita mle kwa mara ya kwanza bila kusimama, Bi. Sikudhani aliyasikiliza kama anavyosikiliza mtu aliyepona akivuta pumzi.

Hapo sasa ndipo serikali ilipopata habari.

*

Aliyeleta salamu za serikali ni Afisa Itifaki wa Wizara, Bwana Fulgensi Tindwa, mtu mwembamba, nadhifu, aliyetembea na jalada kifuani kama mama mwenye kichanga. Aliongozana na Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Pangamawe. Walisimama ukingoni. Bwana Tindwa akatazama chini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena.

"Mwenyekiti," alisema, "taka ziko wapi?"

"Zimezolewa, afisa."

"Na nani?"

Mwenyekiti hakuweza kujua kama swali hilo linaelekea kwenye pongezi au kwenye pingu, kwa hiyo alimsogeza Bi. Sikudhani mbele kidogo. "Na huyu mama na wenzake."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mmefanya jambo kubwa sana," alisema Bwana Tindwa kwa huzuni. "Mmeniharibia uzinduzi."

Akamweleza taratibu, kama daktari anayetoa majibu mabaya. Jumamosi iliyokuwa inakuja Mheshimiwa Waziri angefika Tulizana kuzindua Kampeni ya Kitaifa ya Mfereji Safi. Mtaa ulichaguliwa na kamati kwa sababu ya uchafu wake uliotukuka. Fulana zilishachapishwa. Jiwe la kumbukumbu lilishachongwa, nalo lilisema: HAPA NDIPO MHESHIMIWA ALIPOZOA.

"Sasa atazoa nini? Maji?"

"Si aje tu atazame, mwanangu? Ataona kazi ilivyofanyika."

"Kutazama ni kazi ya Naibu Waziri, mama. Waziri anazoa."

Kisha Bwana Tindwa akafungua jalada, akatoa karatasi, na kwa sauti ya mtu aliyefunzwa kutokata tamaa akasema kwamba Wizara ina mwongozo kwa dharura kama hizi. Zingeletwa taka kutoka sehemu nyingine yenye akiba. Zingekuwa taka zilizochambuliwa: zisizonuka, zisizo na nepi, zisizo na kitu chochote cha kumshtua mgeni. Chupa za plastiki zingependeza zaidi, hasa za buluu, kwa kuwa fulana zilikuwa za buluu. Na ziwe na vifuniko, maana chupa isiyo na kifuniko huonekana kama imetupwa.

"Mnataka kuurudishia mfereji taka?" aliuliza Bi. Sikudhani.

"Kwa muda, mama. Kwa heshima ya mgeni."

"Mawingu yale unayaona?"

"Mawingu hayamo kwenye jalada langu."

Bi. Sikudhani alikataa. Alikataa kwa upole, mara tatu, mpaka Bwana Tindwa alipotamka neno moja ambalo mama huyu alikuwa amelisubiri miaka sita. Alisema: kalavati. Mheshimiwa akifurahi, alisema, huwa anatoa ahadi. Na wakazi wa Tulizana wakiomba kalavati pana mbele ya kamera, Mheshimiwa atakataaje?

Bi. Sikudhani aliutazama ule mdomo mwembamba wa zege chini ya barabara. Alijua kwamba hata mfereji ungekuwa msafi kama sahani, siku mvua kubwa itakapokuja mdomo ule hautatosha. Akajiambia ni siku moja tu. Akauliza, "Na jioni ile ile mtazitoa?"

"Malori yatakuwa yanasubiri, mama. Yamo kwenye ratiba."

Akakubali. Asumpta, aliyekuwa nyuma yake muda wote, hakusema naye njia nzima wakirudi nyumbani.

*

Taka zilifika Alhamisi, malori mawili, zikashushwa kwa uangalifu. Ikaonekana baadhi ya chupa zina matope. Wanakikundi wakaombwa, kama wadau, waziogeshe. Basi watu kumi na wanne waliokesha miezi mitatu wakiwaza namna ya kuziondoa chupa mferejini, wakakaa kwenye vigoda mchana kutwa wakizisugua kwa sabuni ili zirudi mferejini zikiwa safi.

"Nimeona mengi," alisema Asumpta, akikaza kifuniko, "lakini kufua jalala sijawahi."

Ijumaa ikaja simu. Uzinduzi umeahirishwa kwa wiki moja. Mheshimiwa alikuwa amealikwa ng'ambo kwenye mkutano juu ya hatari za kuahirisha mambo ya mazingira.

Bi. Sikudhani akaenda na beleshi lake kuzitoa chupa zisubiri pembeni. Akakuta utepe umezungushwa, na bango: TAKA ZA SERIKALI. USIGUSE. Chini ya bango alisimama mgambo mmoja kijana, Matongo, na rungu lake.

"Samahani, mama. Zimeshaandikishwa."

"Mvua ikija?"

"Nimeambiwa nizilinde na watu. Mvua hawakuitaja."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mama mmoja alitupa ganda la ndizi pale, akakamatwa kwa kosa la kuchafua taka. Wakaguzi wawili walikuja kuzihesabu, wakakuta zimepungua chupa kumi na moja, zikaletwa nyingine kumi na moja kwa gari lenye king'ora. Idara ya Hali ya Hewa, ambayo katika nchi hiyo iko chini ya Wizara ya Habari, ilitangaza redioni kwamba mvua kubwa zimesogezwa mpaka Jumatatu kupisha shughuli za kitaifa. Mawingu, ambayo hayana redio, yaliendelea kukusanyika.

Bi. Sikudhani alikwenda kwa Mwenyekiti. Alimkuta anakunywa uji, macho mekundu.

"Bwana Pangamawe, zile chupa zinaelea. Maji yakija zitakwenda zote pale kwenye kalavati, zitaziba kama kizibo. Bibi Paskalina analala hatua ishirini kutoka pale."

"Bi. Siku, mimi ni mwenyekiti wa mtaa. Si mwenyekiti wa mawingu."

"Basi niandikie tu kwamba nimekuonya."

Mwenyekiti aliweka kikombe chini. "Unadhani mimi siogopi? Mzee Shebe alikuwa baba yangu mdogo. Lakini nikigusa chupa moja pale, kesho siko ofisini."

"Na usipogusa?"

Mwenyekiti akauchukua uji wake, akakuta umepoa.

*

Jumamosi ya uzinduzi ilipambazuka nyeusi. Turubai jeupe lilisimamishwa ukingoni, meza kuu ikafunikwa kitambaa, na mshereheshaji akawatangazia wananchi kwamba hali ya hewa ni nzuri. Bi. Sikudhani alikaa safu ya pili na karatasi mkononi. Ilikuwa hotuba yake ya shukrani, iliyoandikwa Wizarani, kurasa tatu, na ilianza kwa maneno "Mheshimiwa, tumekosa la kusema". Ombi la kalavati alilitafuta ukurasa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Halikuwemo.

Mheshimiwa Waziri alifika saa tano, mtu mkubwa mwenye uso wa furaha, amevaa glovu nyeupe. Alishuka ngazi mbili zilizotengenezwa kwa ajili yake, akainama, akaokota chupa moja ya buluu. Ngoma zikapigwa. Akampa msaidizi, msaidizi akampa msaidizi wake, huyo akaitia kwenye pipa lenye utepe. Shughuli hiyo ilichukua dakika nne, na baada yake Mheshimiwa alifutwa jasho. Kisha akapanda jukwaani, na tone la kwanza likaanguka.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa! Naomba niwaulize: taka ni nini?"

Akajijibu mwenyewe:

"Taka ni kitu ambacho hakijapewa nafasi yake! Na ni nani wa kukipa nafasi? Ni wewe! Mimi nimekwisha anza. Nimeokota. Nimeonyesha njia. Sasa kizazi kijacho kisije kikasema hakikuonyeshwa!"

Mvua ikaja yote kwa pamoja, kama mtu aliyemwaga beseni. Turubai likaanza kuvuma. Spika zikaongezwa sauti. Bi. Sikudhani hakuwa akisikia tena. Alikuwa anatazama chini. Chupa ziliinuka moja moja, safi, zinang'aa, zimefungwa vifuniko vyake, zikaanza kusafiri kuelekea kwenye kalavati kwa utaratibu mzuri kama wanafunzi wanaoingia darasani. Zikafika. Zikabanana. Maji nyuma yake yakasimama, yakajizungusha, yakaanza kupanda kwenye nyasi.

Alimwona Asumpta akisimama upande wa pili, ameshika kichwa.

"Nenda kwa mama!" alimpigia kelele. "Mtoe mama! Sisi tunashuka!"

Akazikunja zile kurasa tatu, akaziweka juu ya kiti, akavua viatu vya sherehe. Matongo alimzuia kwenye utepe, mvua ikimtiririka puani.

"Mama, ni taka za serikali."

"Na Bibi Paskalina ni wa nani? Mwanangu, kama una nguvu, shuka. Kama huna, nipishe."

Matongo alitazama meza kuu. Akatazama nyumba ya chini, ambayo kizingiti chake kilikuwa kimeshaanza kuonja maji. Kisha akaukata utepe kwa mkono, akaruka wa kwanza, akaanza kuuchokoa ule mdomo wa zege kwa rungu lake. Bi. Sikudhani akafuata na vitenge vyake vipya. Nyuma yao wakashuka wale wengine, mmoja baada ya mwingine, na fulana zao za buluu.

Jukwaani Mheshimiwa alisita katikati ya sentensi. Akamwinamia Bwana Tindwa. "Hii imo kwenye ratiba?"

Bwana Tindwa alitazama ratiba. Akatazama mfereji. Akatazama, kwa macho ya ndani, watoto wake watatu na ada zao.

"Imo, Mheshimiwa. Ni igizo. Wananchi wanaonyesha hali ilivyokuwa kabla ya Wizara."

"Ahaa!" Uso wa Mheshimiwa ukafunguka. "Wanaigiza vizuri sana. Mtazame yule mama anavyolia."

Na kweli Bi. Sikudhani alikuwa analia. Alikuwa amezama mpaka kifuani, anazivuta zile chupa alizozisugua mwenyewe, anazirusha juu kwa mikono miwili, analia kwa hasira, kwa aibu ya kukubali, kwa kumkumbuka mzee mmoja na kuku wake. Kila aliporusha, meza kuu ilipiga makofi. Aliyasikia makofi hayo. Alisema baadaye kwamba maji ya mfereji yalikuwa ya baridi, lakini makofi yalikuwa ya baridi zaidi.

"Vuta, mama! Inaachia!" Matongo alipiga kelele.

Wakavuta wote. Kitu kikalia ndani ya zege kama koo lililokabwa likiachiwa, na maji yakapasua njia, yakawaburuta wawili wao mpaka kwenye nyasi, yakashuka bondeni kwa kishindo. Wakati huo huo Asumpta akatokea mlangoni kwake, maji magotini, mama yake mgongoni amefungwa kwa kanga mbili kama mtoto, anatetemeka, yuko hai.

Mheshimiwa Waziri akatoa leso. "Hata bibi kizee wamempanga," alisema. "Jamani, nchi hii ina vipaji."

Akasimama akapiga makofi, na kwa kuwa alisimama, wote wakasimama.

*

Malori hayakurudi. Madereva waliambiwa taka zimekwisha zolewa na wasanii. Wanakikundi wakazizoa tena Jumapili, na safari hii hakukuwa na nyimbo.

Wiki tatu baadaye ikaja barua yenye mihuri minne. Ilisema kwamba shauri lililofunguliwa dhidi yao la kuingilia taka za serikali limefutwa, kwa kuwa tendo lile lilikuwa sanaa. Ilisema kwamba kikundi sasa kimesajiliwa kama Kikundi cha Maigizo ya Mazingira. Kuhusu kalavati, Wizara ililichunguza na kuridhika kwamba ni sehemu muhimu ya jukwaa, hivyo lisiguswe. Mwisho, kikundi kilialikwa kurudia onyesho uwanjani siku ya Sherehe za Taifa. Mfereji wa mita ishirini ungechimbwa mbele ya jukwaa kuu, mvua ingetolewa na zimamoto, na Bibi Paskalina abebwe kama mara ya kwanza, ila alie kidogo.

Asumpta aliisoma kwa sauti kitandani kwa mama yake.

"Mimi silii kwa kuagizwa," alisema Bibi Paskalina. "Waambie watafute bibi mwingine."

Bi. Sikudhani hakucheka. Siku kadhaa alikaa dukani kwake bila kukata kitambaa, akifikiri kwamba labda huo ndio mwisho. Ukizoa, wanakurudishia. Ukiokoa mtu, wanakupigia makofi na kupanda magari yao. Mtu afanye nini na serikali inayomwona, inamsifu, na haimwelewi hata kidogo? Jumamosi alivaa mabuti kwa sababu tu miguu ilishazoea.

Alikuta watu ukingoni. Watu wengi, wa Tulizana na wa mitaa ya jirani, wamekuja na viti vyao, miavuli, karanga za kutafuna. Walimwona, wakashangilia.

"Kuna nini?" alimuuliza Mwenyekiti, ambaye naye alikuwa na kiti.

"Wamesikia redioni kwamba mnafanya mazoezi kila Jumamosi. Wamekuja kutazama."

Hasira ilimpanda, akafungua mdomo awafukuze. Kisha akawatazama vizuri: mikono mingi, migongo mizima, haina kazi mpaka saa sita. Akaufunga mdomo. Akapanda juu ya jiwe la kumbukumbu, ambalo ndilo lililokuwa refu pale.

"Karibuni sana," alisema kwa sauti ile ya upole. "Onyesho lina kiingilio. Kila mtazamaji aje na beleshi au karai. Na onyesho hili halitazamwi kutoka juu, huonekana vizuri zaidi ukiwa ndani."

Watu wakacheka. Baadhi wakaondoka na viti vyao. Wengine wakatazamana, wakatuma nyumbani kuleta makarai. Bwana Pangamawe alikunja suruali polepole, akitazama huku na huku kama mtu anayeiba, akashuka. Matongo, ambaye siku hizo hakuwa mgambo tena, alimpa mkono asiteleze. Kufikia saa nne walikuwa watu sitini na kitu ndani ya mfereji, wameufukua mpaka ng'ambo ya barabara, na kundi moja, bila kuomba ruhusa ya jukwaa, lilikuwa limeanza kuchimba njia ya pili ya maji kando ya kalavati.

Msichana mmoja aliyekuja na mwavuli, tope limemfika viwikoni, alimsogelea Bi. Sikudhani.

"Mama, samahani. Hili onyesho linaisha saa ngapi?"

"Mvua zikiisha duniani, mwanangu," alisema Bi. Sikudhani. "Shika huku, tunyanyue wote."